Somo la Utunzaji wa Mali: Kubadilisha Klachi ya Gari la Chama



Chama cha msingi chenye gari aghalabu huwa na gari moja tu, nalo si jipya. Gari hilo hupeleka mizani na magunia matupu vituoni, huleta pembejeo, na msimu wa ufuta ukifika hukusanya mzigo kutoka vijijini. Klachi ikiungua wakati huo, mazao ya wanachama hulala kituoni yakingoja. Ndiyo sababu somo letu la leo ni juu ya kubadilisha klachi, kazi inayoweza kufanyika katika uwanja wa chama au nyumbani kwa mwanachama, ilimradi pawe na mtu ajuaye spana, vifaa vya kutosha na utaratibu.

Jambo kuu la somo hili ni moja. Gharama kubwa ya klachi haiko katika pleti yenyewe, bali katika kushusha giaboksi na kuipandisha. Kwa hiyo giaboksi ikishuka, yapasa kila kilicho nyuma yake kikaguliwe siku hiyo hiyo, ili isishuke tena kwa ajili ya kitu kidogo kilichosahauliwa.

1. Kazi ya klachi

Klachi huunganisha injini na giaboksi, na huzitenganisha dereva anapotaka kubadili gia. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Pleti ya klachi hukaa kati ya flaiwili na presha pleti, na springi ya presha pleti huibana kwa nguvu. Dereva akikanyaga pedali, beringi ya klachi husukuma springi hiyo. Pleti huachiwa, na injini huzunguka peke yake bila kuisukuma gari. Akiachia pedali, pleti hubanwa tena na gari huondoka.

2. Kutambua ugonjwa kabla ya kununua dawa

Si kila gari linalosumbua gia linahitaji pleti mpya. Katibu asitie sahihi hati ya malipo kabla dereva na fundi hawajaeleza dalili waliyoiona.

(a) Klachi inateleza. Injini hupiga kelele na kuongeza mwendo wake, lakini gari haliongezi, hasa likiwa na mzigo mlimani. Pengine hutoka harufu ya kuungua. Aghalabu pleti imeisha, au imelowa mafuta.

(b) Gia zinakataa kuingia au zinalia, hasa ya kurudi nyuma. Hapa klachi haiachii. Huenda pleti ni nzima kabisa, na kosa liko katika silinda ya juu karibu na pedali, au silinda ya chini kwenye giaboksi: mafuta yamevuja au upepo umeingia.

(c) Sauti ya kukwaruza husikika pedali inapokanyagwa na hutoweka inapoachiwa. Mara nyingi ni beringi ya klachi.

(d) Gari hutetemeka linapoondoka. Tazama kama kuna mafuta juu ya pleti, madoa ya moto kwenye flaiwili, au mipira ya kushikilia injini iliyokatika.

Anza na vilivyo rahisi. Pima mafuta ya klachi, kagua mirija na silinda zote mbili, kisha pima uchezaji wa pedali kwa mkono. Pedali isiyo na uchezaji wowote huifanya beringi iisukume springi muda wote, na klachi huteleza hata kama ni mpya. Marekebisho hayo huchukua dakika chache, na chama hakitoi fedha kwa kisichohitajika.

3. Usalama kwanza

Hapa ndipo roho za watu zinapopotea. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia mtu akiwa chini yake. Gari likiisha kuinuliwa, likalishwe juu ya stendi za chuma, au juu ya magogo mapana ya mti mgumu yaliyopangwa barabara. Matofali na bloku za saruji zisitumike, kwani hupasuka ghafla bila onyo. Magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma. Kabla mtu hajaingia uvunguni, watu wawili walisukume gari kwa nguvu. Likitikisika juu ya nguzo zake, zipangwe upya.

Ardhi iwe tambarare na ngumu. Udongo mweusi wa mbuga, ambao wakulima wengi wa Kilosa wanaujua vizuri, humeza stendi mvua inaponyesha. Basi tandika mbao nene. Waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza. Watoto wasikaribie.

Vumbi la klachi nalo ni hatari. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa, kisha kitambaa hicho kifungwe katika mfuko na kutupwa mahali salama.

Neno moja kwa madereva wa njia ya Mikumi: barabara kuu ya Tanzania na Zambia hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Klachi ikifa humo, mtu asishuke kulala chini ya gari. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina simba na tembo. Kaa ndani, omba msaada, gari livutwe hadi Mikumi mjini au nje ya mpaka wa hifadhi.

4. Hatua za kazi

Maelezo haya yanahusu pikapu ya zamani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Toyota Hilux za miaka ya 1980. Kwa Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, sakafu na sanduku la viti huondolewa, na giaboksi hutolewa kwa kupitia ndani. Magari yanayosukuma magurudumu yote manne yana giaboksi nzito zaidi; yasijaribiwe bila winchi au jeki ya giaboksi.

Kwanza, weka alama kwa patasi au rangi mahali propela inapoungana na difu, ili irudi ilivyokuwa, kisha ifungue. Mwaga mafuta ya giaboksi katika chombo safi.

Pili, fungua stata, kebo ya spidi, nyaya za taa ya kurudi nyuma, na silinda ya chini ya klachi. Silinda hiyo ifungwe pembeni kwa kamba bila kutenganisha mrija wake, na mtu yeyote asikanyage pedali. Bolti za kila sehemu ziwekwe katika kopo lake lenye jina.

Tatu, tegemeza injini kwa jeki na kipande cha mbao chini ya sampu. Tegemeza giaboksi vilevile. Ondoa chuma kinachobeba mkia wake, kisha fungua bolti zinazoifunga kwenye injini. Ivutwe nyuma moja kwa moja na watu wawili au watatu. Isiachwe ikining'inia kwa shafti yake, maana uzito huo hupinda kitovu cha pleti.

Nne, legeza bolti za presha pleti kidogo kidogo kwa mkato wa msalaba, ili springi isiipinde. Hapo pleti ya zamani itatoka.

Tano, kagua. Hii ndiyo hatua ambayo Katibu, au mjumbe wa Bodi, yapasa awepo. Vitu vya kutazamwa ni hivi: flaiwili, kama ina nyufa, mifereji au madoa ya buluu ya moto, sili ya nyuma ya krenki na sili ya mbele ya giaboksi, kama zinavuja, beringi ndogo iliyo katikati ya krenki, beringi ya klachi na uma wake, na meno ya flaiwili yanayoshikwa na stata. Flaiwili yenye mifereji ipelekwe kwa fundi wa mashine za kuchonga vyuma. Sili inayovuja ibadilishwe bila mjadala, kwa kuwa mafuta yake yatailowesha pleti mpya na fedha yote itakuwa imepotea.

Sita, linganisha pleti mpya na ya zamani: upana, na idadi ya meno ya kitovuni. Ivishe kwenye shafti ya giaboksi. Iteleze bila kukwama. Fanya hivi dukani ikiwezekana, kwa kwenda na ile ya zamani mkononi. Anayesafiri hadi Morogoro na kurudi na pleti isiyolingana amelipa nauli mara mbili.

Saba, funga pleti mpya. Mikono na flaiwili viwe safi, bila grisi wala mafuta. Pleti ina upande wake: kwa kawaida upande wenye springi zilizotokeza huelekea giaboksi, na mara nyingi pleti huandikwa upande wa flaiwili. Ilengwe katikati kwa shafti ya zamani ya giaboksi au mti uliochongwa kwa kipimo, ndipo bolti zikazwe kwa msalaba, kwa mkazo ulioandikwa katika kitabu cha gari. Grisi ya meno ya shafti iwe kidogo sana, na inayozidi ifutwe.

Nane, pandisha giaboksi. Ikikataa kuingia, izungushwe kidogo mkia wake ikiwa ndani ya gia. Kamwe isivutwe kwa kukaza bolti, maana masikio yake huvunjika. Mara nyingi ikikataa, pleti haikulengwa vizuri. Yafaa kurudi nyuma kuliko kulazimisha.

Tisa, rudisha vyote, tia mafuta ya giaboksi, na utoe upepo katika klachi. Mmoja akanyage pedali, mwingine afungue na kufunga skrubu ya silinda ya chini, mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Tumia mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya silinda na kuiharibu.

Mwisho, rekebisha uchezaji wa pedali, na gari lijaribiwe bila mzigo. Kwa kilomita mia chache za mwanzo lisibebeshwe mzigo mzito, ili pleti na flaiwili vizoeane.

5. Hesabu ya kazi

Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Tuseme fundi anadai shilingi 120,000 kushusha na kupandisha giaboksi, na beringi ya klachi inauzwa shilingi 35,000. Chama kinaamua kuiacha beringi ya zamani ili kuokoa hizo shilingi 35,000. Beringi ikifa baada ya miezi minne, chama kitalipa shilingi 35,000 za beringi na shilingi 120,000 za ufundi, jumla shilingi 155,000. Kwa kuokoa shilingi 35,000, chama kimepoteza shilingi 120,000, mbali na siku ambazo ufuta ulikaa kituoni. Ndiyo maana pleti, presha pleti na beringi hununuliwa pamoja.

6. Wajibu wa Katibu

Wahenga wetu wa ushirika walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Gari nalo ni mali. Kwa hiyo:

(a) Matumizi yawe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na Bodi iidhinishe kabla ya ununuzi.

(b) Makubaliano na fundi yaandikwe: kazi gani, bei gani, na nani anagharimia ikiwa giaboksi itashushwa tena kwa kosa la ufungaji.

(c) Kila kifaa kiwe na risiti yenye jina la chama. Karatasi iliyoandikwa tu "spea za gari" si ushahidi kwa mkaguzi.

(d) Vifaa vya zamani virudishwe ofisini na kuoneshwa kwa Bodi. Huo ndio uthibitisho kwamba vipya vimefungwa kweli.

(e) Kitabu cha gari kiandikwe tarehe, kilomita, vifaa vilivyobadilishwa na majina ya waliokagua. Klachi ikiisha upesi kuliko ile iliyotangulia, kitabu ndicho kitakachouliza: ni pleti duni, ni sili inayovuja, au ni mguu wa dereva?

Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali, anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, au anayejinasua kwenye tope kwa kuichezesha klachi mpaka inuke, humaliza pleti kwa muda mfupi. Kuanzia tope la njia ya Ulaya hadi mlima wa Kitonga, kanuni ni hiyo hiyo: pedali ikanyagwe yote, iachiwe yote, na mzigo usizidi uwezo wa gari.

Maswali ya majadiliano

1. Gari la chama chenu linakataa gia ya kurudi nyuma, lakini halitelezi mlimani. Mtakagua nini kabla ya kununua pleti?
2. Kwa nini bloku za saruji hazifai kushikilia gari?
3. Taja vitu vitano vya kukaguliwa giaboksi ikiwa chini.
4. Fundi amekwisha kufunga klachi mpya na anadai malipo, lakini pleti ya zamani haionekani. Katibu afanye nini?
5. Fungueni kitabu cha gari la chama chenu. Je, kinaeleza klachi iliyopo ilifungwa lini na kwa kilomita ngapi? Kama hakielezi, mwandike leo kilomita zilizopo, na kuanzia hapo kumbukumbu isikatike.