Daraja la nyaya linavyobeba gari: mwongozo kwa msafiri wa Kibakwe anayekwenda Dar

Hapa Kibakwe, mkoani Dodoma, maji tunayoyavuka ni ya makorongo. Mvua ikinyesha milimani, korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linashuka jioni na magogo, na gari la abiria linasubiri ng'ambo mpaka maji yapungue. Kwa hiyo mtu wa huku akifika Dar es Salaam akakuta barabara ya njia sita imeshikwa na nyaya juu ya mkono wa bahari, anauliza: zikikatika je? Wazazi wanaokwenda kuwaona watoto wao Kigamboni wameniuliza hivyo mara nyingi. Nikaona jibu liwe la kuonekana kwa macho.

Chukua ngata, kamba ya katani na ndoo mbili ndogo, kila moja na lita mbili za maji. Mwambie kijana asimame wima, anyooshe mikono yote miwili pembeni, kisha umtundikie ndoo kwenye viwiko, moja kila upande. Baada ya dakika moja mikono itaanza kutetemeka. Sasa funga kamba kwenye kiwiko cha kulia, ipitishe juu ya ngata iliyo kichwani, uifunge kwenye kiwiko cha kushoto. Mikono inatulia. Tulipojaribu hivi kwenye kiwanja cha shule, binti aliyekuwa na ndoo alisema, “Mwalimu, uzito umehamia shingoni.” Ndivyo ulivyo. Mikono ni barabara, kamba ni nyaya, kichwa na kiwiliwili ni mnara, miguu ni nguzo zilizochimbiwa chini ya maji. Waya unavuta, mnara unakandamizwa, ardhi inapokea. Ukiondoa ndoo moja ghafla, binti anayumba upande wa pili. Ndiyo maana mafundi wanaojenga daraja la namna hii huongeza barabara kutoka kwenye mnara kidogo kidogo kwa pande zote mbili, ili uzito ulingane mpaka vipande vikutane katikati.

Daraja la Nyerere, linalounganisha Kurasini na Vijibweni upande wa Kigamboni, ndilo mfano kamili. Lina urefu wa mita 680, na sehemu yake ya katikati inaruka mita 200 bila nguzo majini. Lilizinduliwa tarehe 19 Aprili 2016 na Rais John Magufuli, likiwa limejengwa kwa fedha za NSSF na Serikali. Kabla yake, mwenye gari wa Kigamboni alitegemea pantoni ya Magogoni, au azunguke kwa barabara ndefu ya nchi kavu.

Daraja la Tanzanite ni ndugu wa lile, ila si pacha. Linapita baharini kwa kilomita 1.03 kutoka karibu na Hospitali ya Aga Khan hadi Oysterbay, na magari yalianza kulitumia Februari 2022. Ukilitazama utaona minara yake ni mifupi na nyaya zimelala. Rudi kwa binti wetu: kamba ingepita begani badala ya kichwani, ingesaidia, lakini mikono yenyewe ingelazimika kufanya kazi kubwa zaidi. Hivyo barabara ya daraja la aina hii hujengwa nene na yenye nguvu, inagawana mzigo na nyaya. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi kule Ziwa Victoria, lililozinduliwa Juni 2025 likiwa na urefu wa kilomita 3, ni la ukoo huohuo wa minara mifupi. Kwa majirani, Uganda walifungua daraja lao la nyaya Jinja, juu ya Nile, Oktoba 2018, lenye mita 525. Wenzetu wa Likoni, Mombasa, bado wana feri ya kuvusha magari.

Sasa kuhusu kukatika. Daraja la nyaya halitegemei waya mmoja. Kila waya unaouona kama bomba lililonyooka ni fungu la nyuzi nyingi za chuma, limevikwa ganda la plastiki ngumu lisiingie chumvi. Wahandisi hukokotoa ili waya mmoja ukitolewa kwa matengenezo, nyingine zishike. Adui wa kuogopwa ni kutu isiyoonekana. Tarehe 14 Agosti 2018 daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, lilianguka na kuua watu 43. Nyaya zake zilikuwa zimefunikwa kwa zege, na kilichokuwa kikiendelea ndani hakikuonekana kwa urahisi. Bahari ya Hindi nayo ina chumvi inayoleta kutu. Ukaguzi wa kila mara ndio uhai wa madaraja haya, na fedha ya matengenezo inapaswa kudaiwa kwa sauti ileile tunayodai barabara mpya.

Mwenye lori la vitunguu au karanga ana wajibu wake. Sheria ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake wote, na hiyo ni kwa malori yenye ekseli nyingi. Fuso lina kikomo kidogo zaidi. Kukwepa mizani ni kumtundikia binti ndoo ya tatu bila kumwambia.

Nije kwenye foleni, maana nayo ni mojawapo ya sababu za kujenga madaraja ya Dar. Njia moja ya barabara inaweza kupitisha takribani magari 1,800 kwa saa ikiwa hakuna kinachoyasimamisha. Njia mbili zikielekea upande mmoja, ni 3,600. Lakini mbele kukiwa na taa zinazowaka kijani nusu ya muda, njia zilezile mbili zitapitisha 1,800 tu. Waliobaki wanasimama nyuma, juu ya daraja. Kwa hiyo daraja linafupisha safari, na foleni inahamia kwenye makutano yanayofuata. Naamini tukitaka nafuu ya kweli, njia ya mabasi na makutano ya kila upande yapangwe pamoja na daraja lenyewe tangu kwenye michoro. Dodoma hatuna bahari, ila tumefanya jambo linalofanana nalo: barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, ya kuwaondoa katikati ya jiji wenye malori wasio na shughuli humo.

Kwa msafiri wa kutoka huku, mambo ni haya. Ukipanda treni ya SGR Gulwe ukashukia Dar, upo tayari katikati ya jiji. Unayekwenda Kigamboni karibu na Feri, pantoni bado inavusha na haiko mbali na stesheni. Unayekwenda Kibada au Vijibweni, tafuta daladala la kupita darajani. Ukija na gari lako, Daraja la Nyerere lina tozo, zilizopunguzwa mwaka 2022. Uliza kiwango cha siku hiyo na uwe na fedha tayari kabla ya kufika kwenye kibanda. Tanzanite halina tozo, nalo linamfaa anayetoka Posta kwenda Oysterbay au Masaki. Ukishuka basi Mbezi, kituo cha Magufuli, na safari yako ni Ubungo au Mwenge, usikubali mtu akuzungushe mpaka huko baharini.

Usisimamishe gari darajani kupiga picha. Njia moja ikizibwa hata dakika tano, mkia wake unafika mbali. Madaraja yote mawili yana njia ya miguu. Egesha mbali, tembea, simama chini ya waya mmoja uufuate kwa macho mpaka juu ya mnara. Ukiona ganda limepasuka, taa imening'inia au mtu anafungua nati za ukingo apeleke kwenye vyuma chakavu, toa taarifa polisi au TANROADS siku hiyohiyo, ukitaja upande gani na ni waya wa ngapi kutoka kwenye mnara.