Kumchagua Mwenye Amri ya Vita

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Jua, ewe msomaji, ya kuwa mtu wa Mbinga au wa Mbamba Bay apigapo kura ya Rais, hachagui msemaji wa jukwaani tu. Kwa Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu, naye ndiye awezaye kutangaza hali ya vita. Kisha Bunge huitwa katika muda wa siku 14 kulitafakari tangazo lake. Basi kura ni ushahidi, tena ni amana, na amana haipewi asiyeiweza.

SUALA: Wagombea wawili wakifaa wote, mmoja mjuzi na mmoja shujaa, atangulizwe yupi?

JAWABU: Al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 1058, amefundisha ya kuwa hutazamwa haja ya wakati. Mipaka ikiwa hatarini, hutangulizwa shujaa. Nchi ikitulia, hutangulizwa mjuzi. Yeye alinena juu ya uimamu, na urais si uimamu; lakini kipimo chake chafaa.

SUALA: Haja ya wakati hujulikanaje?

JAWABU: Haijulikani kwa kelele za mikutano, bali kwa kulinganisha vita vilivyopita.

Vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907, vililetwa na dhuluma: kodi, kazi za nguvu na pamba ya kulazimishwa. Wangoni hawakukosa ushujaa. Lakini maji hayakuzuia risasi. Wakuu wao walinyongwa Songea mwezi wa Februari 1906, na Wadachi wakachoma mashamba na ghala, njaa ikawaua wasioshika hata mkuki.

Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga Liuli meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, nayo imepandishwa pwani kutengenezwa. Nahodha wake hakuwa na habari ya kuwa vita vimeanza. Ugomvi ulikuwa wa Ulaya. Wenyeji wa ziwa hawakuulizwa.

Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Hapo kupigana kulikuwa kujilinda, na Kampala ikatwaliwa Aprili 1979. Hata hivyo gharama yake iliielemea nchi.

Tazama sasa Ziwa Nyasa. Malawi yashika mapatano ya Waingereza na Wadachi ya mwaka 1890, yaliyoweka mpaka ufuoni. Tanzania yasema mpaka ni katikati ya maji. Neno hili lilipopamba moto mwaka 2012, halikupelekwa kwa mizinga. Lilipelekwa kwa wasuluhishi wakiongozwa na Joaquim Chissano, aliyekuwa Rais wa Msumbiji.

Basi mgombea akiahidi kulipigania ziwa kwa bunduki, na apimwe kwa mambo matatu: je, nchi imeshambuliwa kama Kagera? Je, mlango wa sulhu umefungwa? Na je, nani atakayezikwa, yeye au mvuvi wa Liuli? Suratul-Anfal, aya ya 61, imeamrisha kuielekea amani adui aielekeapo. Ushujaa usiojua wakati wake ni hasara, na anayeulipa ni raia.

Wallahu aalam.