Kijana Mkatoliki, Filamu na Muziki: Somo Kutoka Lukole



Mpendwa kijana mwenzangu, kiangazi kimeisha, na mimi nimekimaliza kama shabiki kweli kweli. Niliweka akiba miezi mingi, nikapanda basi kutoka huku Ngara hadi Dar es Salaam, nikavuka bahari kwenda Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lile la Nchi za Jahazi. Niliporudi nikamalizia kwa muziki wa jukwaani hapa hapa nyumbani. Basi Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja wa jumuiya yetu akaniuliza: “Mwanangu, mtoto wa Kanisa na matamasha, wapi na wapi?”

Hakuuliza kwa ubaya, ndiyo maana swali lake linastahili jibu. Tujifunze pamoja.

1. Kanisa halijakimbia filamu

Mwaka 1936 Papa Pius XI aliandika waraka mzima kuhusu sinema. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya Inter Mirifica, inayovihesabu vyombo hivi kuwa miongoni mwa mambo ya ajabu ambayo akili ya mwanadamu imeyavumbua kwa msaada wa Mungu, na inayotuonya tuvitumie vizuri. Mwaka 1999 Mtakatifu Yohane Paulo II akawaandikia wasanii barua. Na pale Zanzibar, SIGNIS, shirika la Kikatoliki la mawasiliano, limekuwa na majaji wake kwenye tamasha na kutoa tuzo kwa filamu zinazojenga utu.

Kwa kweli nilifurahi. Mimi sinema niliijulia kwenye kibanda umiza: benchi, jasho, na filamu iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Ngome Kongwe ni kitu kingine, unatazama chini ya nyota. Ngome ile ilijengwa mahali ambapo Wareno walikuwa na kanisa lao dogo. Na Jumapili sikuhangaika, kwa sababu Minara Miwili, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Usiku filamu, asubuhi Misa.

Kwa hiyo mama, jibu la kwanza ni hili: inawezekana. Lakini halitoshi.

2. Muziki mtamu unaweza kubeba sumu

Sisi wa Ngara tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengine. Mwaka 1993 ilianzishwa Rwanda redio iitwayo RTLM. Vijana waliipenda kwa sababu ilipiga muziki mzuri na watangazaji wake walichekesha. Katikati ya raha hiyo chuki ikapenyezwa kidogo kidogo. Mwaka 1994 redio hiyo hiyo ikawa inahimiza mauaji. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwetu kwa muda wa kama saa 24. Mto Kagera ulileta maiti.

Mwanamuziki maarufu Simon Bikindi alishtakiwa Arusha kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Desemba 2008 akahukumiwa miaka 15 kwa kuchochea mauaji ya kimbari, kwa maneno aliyoyasema kwenye kipaza sauti barabarani. Fikiria hapo: kipaza sauti, kifaa kile kile cha mshereheshaji wa tamasha.

Agosti hii nilikuwa kwenye shoo kijijini. Muziki ulikuwa wa moto, tunacheza. Mshereheshaji akaanza kutania makabila, halafu akauliza kwa kejeli, “Wakimbizi mko wapi? Nyoosheni mikono!” Watu wakacheka. Rafiki yangu niliyekuja naye hakucheka. Mama yake alivuka mpaka akiwa msichana na aliishi Lukole. Nikamwambia, “Twende zetu.” Tukatoka, kiingilio tukakiacha kama kilivyo. Njiani hatukuongea sana.

3. Muziki unaweza pia kuponya

Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, Warundi wengi walikimbilia huku. Kambi ya Lukole ikawahifadhi makumi ya maelfu hadi ilipofungwa mwaka 2008. Watoto walizaliwa pale, wakakua pale. Nyimbo za nyumbani ni mali ambayo mtu aliweza kuvuka nayo mpaka bila kubeba mzigo. Ngoma za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa binadamu, ni sehemu ya mali hiyo.

Tena mwaka 1995 Wajesuiti, kupitia shirika lao la kuhudumia wakimbizi, walianzisha Radio Kwizera hapa Ngara. Jina lenyewe ni la Kirundi na Kinyarwanda, lina maana ya kuamini na kutumaini. Ona basi: redio moja ilitumiwa kuwaua watu, nyingine ikawekwa kuwahudumia waliokimbia. Chombo ni kile kile, roho ndiyo tofauti.

4. Maswali matatu ya kubeba mfukoni

Mtume Paulo anawafundisha Wathesalonike wapime kila kitu na kulishika lililo jema (1 Thes 5:21). Mimi napima hivi:

– Raha hii inamdhalilisha nani? Kama kuna jirani anayelipa kwa aibu yake ili mimi nicheke, hiyo siyo raha.

– Naweza kumweleza Yesu usiku huu wote nikisali kabla ya kulala, bila kuruka sehemu?

– Nikirudi nyumbani, moyo wangu umepanuka au umesinyaa? Filamu nzuri inakufanya umwone mtu ambaye hukuwahi kumwona.

Zaburi ya 150 inaita tarumbeta, kinubi, matari na kucheza vimsifu Mungu. Mungu wetu haogopi ngoma, mama. Anachouliza ni kile alichomuuliza Kaini: ndugu yako yuko wapi?

Zoezi la wiki

Chagua nyimbo tano unazozipenda zaidi kwenye simu yako. Sikiliza maneno, siyo mdundo tu, kisha zipitishe kwenye maswali matatu. Ukikuta wimbo unaomdharau mtu kwa kabila au asili yake, usiusambaze. Na ukiwa kwenye shoo watu wakaanza kumcheka mwenzako, simama upande wake, hata kama ni kwa kutoka naye tu.

Tusali

Ee Bwana, uliyetupa masikio, macho na miguu ya kucheza, tusafishie furaha yetu. Wakumbuke wote waliopita Lukole, waliorudi kwao na waliolala katika udongo wetu. Utufanye sauti ya matumaini kwa jirani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.