Pumu Wakati Nyasi Zinapochanua

Katika somo la mwezi huu tunazungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kwa mlio wake: pumu. Hapa Nakivale, mvua ikishaotesha nyasi na nyasi zikaanza kutoa maua, kikohozi cha usiku husikika katika nyumba nyingi. Wengine husema ni uchawi. Sivyo. Ni msimu, na msimu mtu anaweza kujiandaa kabla haujafika.

Kwanza tukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita tulifundisha juu ya uponyaji, na hatukusema neno lolote juu ya dawa. Binti mmoja wa kwaya alielewa kwamba kubeba pampu yake ni kukosa imani, akaiacha. Haikupita muda mrefu, usiku mmoja alizidiwa. Vijana walimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki, midomo ikiwa imebadilika rangi. Alipona, lakini alifika akiwa amechelewa sana. Kwa hiyo leo tunasema wazi: kuomba tunaomba, na pampu tunaibeba. Luka, mwenzake Paulo, anaitwa tabibu katika barua kwa Wakolosai. Dawa si adui wa maombi.

1. Pumu ya mzio ni nini?

Mwili una askari wake wanaopigana na vijidudu. Kwa mtu mwenye mzio (aleji), askari hao hukosea: wanaona kitu kisicho na madhara kama adui. Anapokivuta kitu hicho, mambo matatu hutokea ndani ya mapafu. Kuta za njia za hewa huvimba, misuli inayozizunguka hukaza, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Ndiyo maana kifua hulia kama filimbi, hasa usiku na alfajiri.

Pumu haiambukizi. Msitenge kikombe wala sahani ya mgonjwa. Lakini kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe, kwa sababu kifua kikuu nacho huanza kwa kukohoa.

2. Adui wa msimu

Chavua ni unga laini wa maua. Maua makubwa yenye rangi hubebewa chavua na nyuki, na hayo hayasumbui sana. Wanaosumbua zaidi ni nyasi, ambazo maua yake hatuyatazami hata kidogo. Chavua yao ni nyepesi na husafiri na upepo. Kwetu mvua hunyesha Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba; nyasi huchanua baada ya kupata maji ya kutosha. Chavua ya mahindi ni nzito na huanguka karibu, kwa hiyo humsumbua zaidi anayepita katikati ya shamba linalochanua.

Tuwe waangalifu pia na upepo mkali unaotangulia ngurumo. Tarehe 21 Novemba 2016, mjini Melbourne, Australia, dhoruba ya ngurumo ilikuja wakati hewa imejaa chavua ya nyasi. Unyevu hupasua chavua kuwa vipande vidogo sana vinavyoingia ndani kabisa ya mapafu. Maelfu ya watu walikimbilia hospitali, na watu 10 walikufa. Baadhi ya waliougua hawakuwahi kujua kwamba wana pumu.

3. Dawa mbili, kazi mbili

Hapa ndipo wengi hukosea. Pampu ya kutuliza, kama salbutamol, hulegeza misuli iliyokaza, na mtu hupata nafuu baada ya dakika chache. Haiondoi uvimbe. Pampu ya kuzuia, kama beclometasone, hupunguza uvimbe polepole. Hutumiwa kila siku, hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Mara nyingi ya kwanza huwa ya bluu na ya pili ya kahawia, lakini soma jina, usitegemee rangi. Ukishatumia ya kuzuia, sukutua mdomo kwa maji na uteme.

Anayehitaji pampu ya kutuliza mara kwa mara asifurahi kwamba inamsaidia. Hiyo ni dalili kwamba uvimbe unaendelea. Amwone mganga na aulize juu ya dawa ya kuzuia, ikiwezekana wiki kadhaa kabla nyasi hazijachanua.

Mtoto asiyeweza kuvuta vizuri asaidiwe na chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyooshwa na kukauka. Toboa kitako chake tundu linalokaza mdomo wa pampu. Mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza pampu mara moja, naye apumue taratibu mara nne hadi sita. Mwombeni mhudumu wa afya awaonyeshe kwanza.

4. Nyumbani na shambani

- Fyeka nyasi za karibu na nyumba kabla hazijachanua. Mwenye pumu asifyeke yeye. Kijana mwingine amsaidie.
- Siku ya upepo mwingi, fungeni madirisha na msianike nguo za mgonjwa karibu na majani.
- Akitoka shambani, anawe uso na kubadilisha nguo kabla ya kulala.
- Moshi huongeza ubaya wa chavua. Pikeni nje au penye hewa, na asivute mtu sigara ndani.
- Nyunyizeni maji kabla ya kufagia, hata kanisani.

5. Mtu akibanwa

Mkalishe wima, usimlaze. Legeza nguo, na watu wasimzunguke. Mpe pampu ya kutuliza mara nne, moja moja, kila mara apumue mara nne. Chupa ikiwepo, itumieni. Ngojeni dakika nne. Asipopata nafuu, rudieni huku mkitafuta usafiri.

Msingoje hata kidogo mkiona hawezi kumaliza sentensi, nafasi kati ya mbavu inaingia ndani, midomo inakuwa ya bluu au kijivu, au amechoka na kusinzia. Na kifua kilichokuwa kinalia kikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, msidhani amepona. Huenda hewa haipiti tena. Mpelekeni mara moja, na njiani mwendelee kumpa pampu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika nyumba zetu, nani ana pumu, na pampu yake inakaa wapi usiku?
2. Anazidiwa miezi gani? Tuandike kwenye kalenda.
3. Akizidiwa usiku, nani mwenye pikipiki tutamwamsha?

Ndugu mwenye pumu, usiifiche pampu yako. Ukija ibadani, njoo nayo, na ukiihitaji katikati ya mahubiri, itumie. Hakuna atakayekuangalia vibaya, na sisi wa mbele tutangoja.