Dondoo muhimu: Nani anamdai nani?

Mswada wa hadithi fupi ukilegea, mwandishi aanze na madeni. Muuza vitenge wa Butembo na mnunuzi wa kakao wa Beni wakikutana sokoni tu, hakuna hadithi. Mmoja akiwa amemdhamini mwenzake kwa mzigo uliokwama mpakani Kasindi, hata salamu yao itakuwa na uzito.

Kisha matukio yazaane. Mlipuko wa Ebola wa eneo hilo la Beni na Butembo, uliotangazwa Agosti 2018 na kuisha Juni 2020, ukiwa mandhari tu hausaidii kitu. Lakini mkwe akikataa kushikana mikono msibani, mama mkwe ataona amedharauliwa. Siku chanjo ikifika, atamfungia mlango mkwe yule yule aliyeongozana na wachanjaji.

Euphrase Kezilahabi aliliweza hili katika riwaya ya Rosa Mistika (1971). Barua ya mvulana inamletea Rosa kipigo cha baba yake, Zakaria, na malezi yale ya vitisho yanamwandama hadi chuoni.

Na mhusika wa kupita, kama mwendesha pikipiki anayeleta habari kisha kutoweka? Apewe undugu na mdaiwa, la sivyo afutwe.