SOMO: Alama Inayosaidia Kuchagua Mbegu ya Ngano



Kina mama wengi katika vikundi vyetu huuza chapati na mahamri. Bei ya unga ikipanda, faida imekwisha. Huku Ganjoni hatulimi ngano. Nyingi twaletewa na meli bandarini, maana inayolimwa Kenya haitoshi. Kwa hiyo ugonjwa wa ngano unatuhusu sisi pia.

Mwaka 1998 ilionekana Uganda kutu ya shina ya aina mpya, ikaitwa Ug99. Ilishinda jeni moja ya kinga, Sr31, iliyotegemewa na mbegu nyingi duniani. Ikaingia Kenya na Ethiopia, na kufikia 2006 ikawa Yemen. Ngano ikishikwa vibaya, shina huvunjika na punje husinyaa.

Fundisho likawa hili: kinga moja haitoshi. Heri kukusanya mbili tatu katika mbegu moja. Lakini utazijuaje? Shambani, mmea wenye kinga moja na wenye tatu yote yaweza kuonekana mizima. Tena kinga kama Sr2 haifanyi kazi mpaka mmea ukomae.

Hapo ndipo alama za vinasaba zinaposaidia. Ni kama kutafuta nyumba usiyoijua. Unaambiwa, "Iko karibu na kinu cha kusaga." Ukiona kinu, umekaribia. Jeni ni nyumba, alama ni kinu.

Kazi hufanywa hivi:

1. Ngano mbili zenye kinga tofauti huchavushwa pamoja.
2. Miche yao ikiwa bado midogo, hukatwa kipande cha jani na kupimwa maabara.
3. Mche wenye alama zote hubakizwa, mingine huachwa.

Kupima huku hakuongezi kitu ndani ya mmea. Ni kuchagua tu.

Lakini tahadhari: alama si jeni yenyewe. Mara nyingine hutengana, kama vile kinu kinavyoweza kuhamishwa. Kwa hiyo lazima mbegu ijaribiwe shambani. Kituo cha utafiti cha KALRO huko Njoro, Nakuru, hupanda ngano za nchi nyingi mahali penye kutu, ijulikane ipi itasimama.

Maswali ya kujadiliana:

- Shamba letu au mradi wetu unategemea kinga moja tu?
- Tukichagua mbegu, tunaangalia nini zaidi ya sura?
- Mbegu iliyosifiwa, tuijaribu wapi kwanza kabla ya kuipanda shamba zima?