SOMO: MAAGIZO YA TIBA YANAYOTEKELEZEKA



Hapa Bigwa na vijiji vya milima ya Uluguru, mama hutembea mwendo mrefu kumleta mtoto mwenye kikohozi zahanati. Lengo la somo hili ni kutambua agizo la tiba litakalomsaidia mhudumu anayempokea.

Tulinganishe maagizo mawili:

(a) Mtoto anayepumua kwa shida apatiwe huduma inayofaa mapema.

(b) Mhesabie mtoto mwenye kikohozi pumzi zake kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifikisha 40 au zaidi, anapumua haraka: mtibu nimonia.

Agizo (a) linaacha maswali. Shida kiasi gani? Huduma ipi? Mapema ni lini? Wahudumu wawili watatenda tofauti. Agizo (b) linafuata vipimo vya mwongozo wa IMCI wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwongozo huo ulianza kutumika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba, baada ya kipindi cha kuuanzisha, vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko Kilombero na Ulanga. Mwongozo ulikwenda pamoja na mafunzo, dawa na usimamizi.

Agizo zuri hutaja:

1. Nani: mgonjwa wa umri gani.
2. Lini: dalili inayoonekana au kuhesabika.
3. Nini: tendo, dawa, kipimo na siku.
4. Rufaa: mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyepoteza fahamu, apelekwe hospitali haraka.

Kuhesabu pumzi kunahitaji saa yenye mshale wa sekunde, na tiba inahitaji dawa stoo. Bila hivyo, agizo hubaki karatasi. Hapo ndipo mchango wenu unapohitajika.

Maswali ya kujadili:

1. Someni agizo moja lililobandikwa katika zahanati yenu. Je, watu wawili wanalielewa sawasawa? Kama sivyo, mwelezeni mganga mfawidhi.
2. Je, vifaa vinavyotajwa vipo leo?